Kifuko cha huduma ya kwanza cha safari: nimenunua vipande 200, siku ya siku havikunisaidia. Nifunge nini?

Jamaa wa Uyole

Wakuu habari za jioni. Nina kisa, halafu nina swali. Naombeni mnivumilie, ni kirefu.

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Njombe kurudi Mbeya na Kosta. Tumeshapita Makambako, tunakaribia Igawa, ng'ombe akaingia barabarani. Dereva akakanyaga breki zote. Mama mmoja wa siti ya dirishani alikuwa ameegemeza mkono kwenye kioo, kioo kikapasuka, kikamchana kuanzia karibu na kiwiko kushuka chini. Damu ile sijawahi kuiona nje ya machinjio.

Konda akavuta boksi lenye msalaba lililotundikwa juu ya dereva. Ndani mlikuwa na chupa ya spiriti iliyokauka, chaja ya simu na kitabu cha risiti. Basi.

Sasa aibu ni yangu mimi. Nina kiboksi cha huduma ya kwanza nilichoagiza mtandaoni, shilingi 45,000, kimeandikwa vipande 200. Kilikuwa wapi? Kwenye buti, ndani ya begi, chini ya magunia matatu ya viazi vya watu. Bibi mmoja wa nyuma yangu ndiye aliyejifungua khanga ya mabegani, akaikunja, akaikandamiza kwenye ule mkono na kumwambia yule mama "tazama nje, usitazame huku". Akashika hivyohivyo hadi tulipomshusha hospitali ya Chimala. Khanga ikaenda na mgonjwa.

Nilipofika nyumbani nikamwaga kiboksi changu mezani nikakihesabu. Plasta ndogondogo 100. Vitambaa vya spiriti 40. Vijiti vya pamba vya masikioni 30. Pini 20. Gozi NNE. Vingine sita ni bandeji moja nyembamba, utepe, kibanio, filimbi, kipimajoto cha karatasi, na mkasi ambao haukati hata mfuko wa mkate. Glavu hakuna.

Swali: mwishoni mwa Desemba naenda na familia Tukuyu, Kyela hadi Matema, siku tatu ufukweni, halafu tunarudi kupandisha Isyonje kwenda Kitulo kuona maua na kulala Makete. Tupo wanne: mimi, mke, mtoto wa miaka 6, na mama mkwe ambaye ana presha. Nataka kifuko kidogo, cha kukaa mapajani. Ninunue kipi kilichofungwa tayari, au nifunge mwenyewe? Na nifunge nini?

Parachichi Moja

Naweka kambi hapa. Maji ya kunawa yako wapi.

Konda Mstaafu

Mkuu pole. Nimefanya ukonda miaka tisa, Mbeya–Iringa na baadaye Mbeya–Dar. Ngoja niwaambie kuhusu lile boksi.

Gari likiwa jipya boksi huwa limejaa. Wiki ya kwanza abiria anaumwa kichwa, anaomba panadol, unampa. Wiki ya pili dereva amejikata na bati, pamba imeisha. Mama ana mtoto mwenye jeraha, mnampa bandeji. Hakuna dhambi hapo, ndiyo kazi ya vitu vile. Dhambi ni kwamba hakuna mtu ambaye kazi yake ni kurudishia. Tajiri anauliza hesabu ya siku, haulizi gozi. Trafiki akisimamisha anaona boksi lipo, anageukia kizima moto na pembetatu.

Kwa hiyo usitegemee boksi la gari. Na la pili: usiweke kifuko kwenye keria ya juu ya vichwa. Gari likiyumba ndiyo ya kwanza kuruka, na ikiwa usiku hukioni tena. Miguuni, au kwenye begi la mgongoni unalolikumbatia kama wenye simu mpya wanavyofanya stendi ya Nane Nane.

Nesi wa Zamu

Habari za jioni. Mimi ni muuguzi, nipo wilaya ya Rungwe, idara ya majeruhi. Kaka wa Uyole, yule bibi alifanya vizuri kuliko kiboksi chako kingefanya hata kama kingekuwa mapajani. Ushike hilo kabla hujanunua chochote.

Damu inayotoka kwa wingi inazuiwa na mkandamizo. Kitambaa safi, mkono juu ya kitambaa, unabonyeza kwa nguvu dakika 10 kwa saa, bila kufunua kuchungulia. Watu wengi hushindwa hapo kwenye kuchungulia. Kila ukifunua unang'oa damu iliyoanza kuganda, mnaanza upya. Kitambaa kikilowa unaongeza kingine juu yake, hutoi cha chini. Kama kuna kipande cha kioo kimezama ndani, usikivute. Bonyeza pembeni yake na kukizungushia kitambaa kisitikisike, tutakitoa sisi.

Sasa kwenye kifuko, mimi huwa najiuliza hivi: kitu gani siwezi kukipata porini wala kwenye gari? Kitambaa nitakipata, khanga haikosekani. Ubao wa kufungia mguu nitaupata, hata mwavuli unatosha. Maji yapo kwenye chupa. Visivyopatikana ni glavu, gozi safi iliyofungwa kwenye karatasi yake, bandeji ndefu ya kuvutika, utepe unaonata hata kwenye ngozi yenye jasho, na mkasi wa kweli. Hivyo ndivyo vibebe kwanza, na vibebe vya kutosha. Gozi nne ni za kidonda cha mtoto aliyeanguka uwanjani. Beba pakiti kubwa za sentimita 10 kwa 10, ishirini hivi, bandeji tatu za upana wa sentimita 7 hadi 10, glavu jozi nne. Glavu haziwi nyingi. Ajali ya barabarani humjui uliyemshika, wala yeye hakujui wewe.

Plasta ndogo chukua 10, zinatosha. Hizo 90 zilizobaki gawia majirani.

Mkulima wa Viazi

Kamweneee. Dada nesi, na spiriti je? Huku Njombe sisi kidonda ni spiriti au GV, ile dawa ya zambarau, kinawaka moto, unapiga kelele, kinapona. Ndivyo tulivyokulia.

Nesi wa Zamu

Kamwene kaka. Mlipona kwa sababu mlikuwa watoto wenye afya, siyo kwa sababu ya moto ule. Spiriti ndani ya kidonda kibichi inaua wadudu, na inaunguza pia ile nyama changa inayotakiwa kuziba. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi ya kunywa, mengi, hadi mchanga utoke. Sabuni ipite kwenye ngozi ya pembeni. Ukitaka dawa, ayodini ile ya kahawia, chupa ndogo, paka pembezoni. Spiriti iache kwa ajili ya mikono yako na kusafisha kibanio.

GV sina ugomvi nayo sana, ila unakipaka kidonda zambarau halafu unaniletea mimi niangalie kama kimeoza. Nitaonaje?

Boda wa Mwanjelwa

Nesi umenikumbusha. Sisi ugonjwa wetu mkubwa ni ekzosi. Abiria anashuka upande wa kulia, hasa akina dada wa sketi, mguu unagusa, unaungua pale kwenye shavu la mguu. Kijiweni kwetu kuna mtu ana dawa ya meno mfukoni kwa kazi hiyo hiyo moja. Wengine wanapasua yai.

Nesi wa Zamu

Mwambie huyo mwenzako apige mswaki na dawa yake. Palipoungua panataka maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20. Narudia ishirini, siyo kuchovya na kutoa. Dawa ya meno na yai vinafungia joto ndani na vinaleta wadudu, na mimi kazi yangu ya kwanza inakuwa kukwangua yai kwenye nyama ya mtu. Vua pete na bangili mapema kabla pahali hapajavimba. Malengelenge usiyapasue. Ukimaliza maji funika kwa mfuko mpya wa plastiki ulio safi au gozi yenye unyevu, kisha funga bila kukaza.

Kwa hiyo kaka wa Uyole, chupa ya maji ya lita moja na nusu ni sehemu ya kifuko chako hata kama haingii ndani ya kifuko. Mkiinywa yote, jazeni.

Mstaarabu wa Zamani

Mnatisha watu. Nimepanda Kitonga na malori tangu miaka ya themanini, kichwa wazi, sina hata panadol, na niko hapa naandika.

Konda Mstaafu

Shikamoo mzee wangu. Uko hapa unaandika. Wale ambao hawapo hawawezi kuandika.

Dereva wa Ruaha

Nimecheka peke yangu kama chizi, wageni wananiangalia.

Mimi napeleka watalii hifadhi ya Ruaha kutoka Iringa mjini, ni kilomita kama 130 hadi getini, nyingi ya vumbi. Huko ukiumia, hospitali iko nyuma yako saa kadhaa. Niongeze mawili matatu ya porini, ambayo jamaa wa Uyole ataona hayamhusu ila Matema kuna nyasi na mawe, na nyoka hasomi ramani.

Usinunue ile pampu ya plastiki ya kufyonza sumu. Inauzwa mtandaoni, inakaa vizuri sana kwenye picha. Sumu ikishaingia haifyonzeki. Lile jiwe jeusi pia, najua wazee watanichukia, halifanyi kazi. Tulichofundishwa ni kumtuliza mtu, kuvua pete, saa na viatu, kuufunga mguu kwenye fimbo kama uliovunjika ili usitikisike, na kumbeba. Asitembee. Usichanje wembe, usifunge kamba. Bafe akikugonga mguu unavimba wenyewe hadi unang'aa, sasa ukiwa umeukaza kamba unaioza nyama. Swila akitema machoni, maji mengi hapohapo. Na usihangaike kumkamata nyoka umpeleke kwa daktari, wagonjwa wanakuwa wawili. Dawa yenyewe ya sumu iko hospitali, kwenye kifuko huna nafasi nayo. Nafasi unayo kwenye kujua hospitali ya karibu iko wapi kabla hujatoka nyumbani.

Mbung'o wa Ruaha ni habari nyingine. Msivae bluu iliyokoza wala nyeusi. Hakuna dawa ya kupaka inayowazuia vizuri kuliko shati la kaki.

Fundi Msumeno

Nipo Mafinga, kwenye miti, Sao Hill na mashamba ya watu binafsi. Kwetu kuna kifaa kimoja ambacho hamjakitaja: mkanda wa kukaza, ule wenye kijiti cha kuzungusha. Msumeno wa mnyororo ukipita pajani, gozi ishirini za nesi ni kama karatasi. Nimewahi kushika mtu. Dakika ni chache sana.

Mkanda unakaa juu ya jeraha, siyo kwenye goti au kiwiko, unazungusha kijiti hadi damu ikome, inauma mno na atakutukana. Unaandika saa uliyofunga, hata kwa kalamu kwenye paji la uso wake, na hufungui hadi hospitali. Kuna bandia nyingi, kijiti cha plastiki laini kinakatika ukikizungusha. Ukinunua, ujaribu kwenye mguu wako mwenyewe sebuleni kwanza.

Jamaa wa Uyole

Fundi, kwa mtu anayeenda na mama mkwe kuangalia maua, ni lazima?

Fundi Msumeno

Kama unapita barabara ile ya Inyala na Mlima Nyoka kila wiki ningekuambia lazima. Kwa safari moja, jifunze kubonyeza kwa mikono miwili na uzito wa mwili. Ila usifunge kamba ya katani au waya ukidhani ni mkanda. Waya unakata tu.

Mama Wawili

Wababa mmeongea damu kurasa nzima, hakuna aliyeuliza mtoto atatapika wapi. 😂

Kaka, barabara ya Mbeya–Tukuyu ni kona na mabonde, na Isyonje kupanda Kitulo ndiyo usiseme. Vifaa vyangu namba moja ni mifuko isiyovuja, mitano au sita, na kitambaa cha unyevu. Mtoto akae mbele, atazame mbali, asipewe simu wala maziwa kabla ya safari. Mkate mkavu kidogo unatosha.

Halafu ORS, ule unga wa kukoroga na maji kwa anayeharisha. Pakiti mbili tatu, nyepesi, hazichukui nafasi. Soma pakiti inataka maji kiasi gani, nyingi ni lita moja. Nimemwona mama anakoroga pakiti nzima kwenye kikombe "iwe kali". Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Na kama umeishiwa, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Kijiko kidogo ni cha chai, kaka, siyo cha kupakulia maharage. Ndogo yangu ana miaka mitatu, huyo akiharisha na zinki anapewa, siku 10 hadi 14, hata kama ameshaacha kuharisha.

Kipimajoto cha kweli, siyo cha karatasi. Na paracetamol ya maji ya mtoto, chupa yake mwenyewe, na kile kijiko au bomba lake la kupimia. Kipimo kinafuata uzito wake, kwa hiyo mpime kabla hamjaondoka, uandike kilo kwenye kibandiko cha chupa. Saa nane za usiku Matema, mtoto anachemka, hutakumbuka ni kilo ngapi.

Muuza Dawa Makambako

Naunga mkono, na nizungumzie upande wa kaunta. Nina duka la dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003, kwa hiyo msituone wa juzi.

Kila Desemba wanakuja watu wa safari wanasema "nifungie dawa za tumbo, za mafua, za kikohozi, na antibayotiki za dharura". Za dharura gani? Antibayotiki bila kuonwa ni kucheza bahati nasibu na mwili. Dawa za kubeba ni chache: paracetamol ya watu wazima, ambayo ni vidonge viwili vya miligramu 500, na kwa saa 24 visizidi vinane, ORS, ya aleji ya kuumwa na wadudu, na dawa ambazo kila mtu anazo kwa maradhi yake. Diklofenaki watu wanaipenda kama karanga. Mwenye vidonda vya tumbo, au mwenye presha kama mama mkwe wako, asipewe kiholela. Aspirini mtoto hapewi.

Usitoe vidonge kwenye pakiti zake ukavichanganya kwenye chupa moja ya vitamini. Nakuona ukivuka Kasumulu au Tunduma, afisa anauliza hiki cheupe nini, unasema "cha kichwa nadhani". Utalala huko. Kata karatasi ya vidonge ukibakiza upande wenye jina na tarehe ya mwisho. Vijana wengi hukata upande huo huo ndio wanautupa.

Na joto. Kyela siyo Uyole. Dawa nyingi zimeandikwa zikae chini ya nyuzi 30. Ukiziacha kwenye dashibodi saa saba mchana Kyela, umezipika.

Nesi wa Zamu

Hapo kwenye presha niongeze kidogo. Mama abebe dawa zake kwenye pochi yake mwenyewe, za siku zote za safari na siku tatu za ziada, kwa sababu mvua za Desemba zikikata barabara mtakaa. Jina la dawa na kipimo viandikwe kwenye karatasi ndani ya kifuko. Akipoteza pochi, karatasi itaongea.

Na malaria, kwa kuwa hakuna aliyegusa. Sisi wa juu huku baridi imetudekeza, mbu ni wachache, miili yetu haina mazoea. Ukishuka Kyela na Matema unakutana nayo. Kitu cha kubeba ni chandarua na dawa ya kupaka. Watu wanapenda kubeba kipimo cha haraka, siku ya pili wana homa wanapima, hakuna kitu, wanasema kipimo kibovu. Kuanzia kuumwa na mbu hadi homa kwa kawaida ni wiki moja au zaidi. Homa ya siku ya pili siyo ya mbu wa Matema. Ile ya Matema itakukuta umesharudi Uyole, umesahau. Mtoto akichemka Januari, mpeleke mapema na useme wazi: tulikuwa Kyela.

Parachichi Moja

Swali la pembeni: hivi ule msalaba mwekundu kwenye maboksi, nilisikia hauruhusiwi?

Dereva wa Ruaha

Kweli kabisa. Msalaba mwekundu ni alama ya kulinda madaktari na majeruhi vitani, imekubaliwa Geneva tangu 1864, na inatumiwa na chama cha Msalaba Mwekundu na huduma za tiba za majeshi. Vifuko vya kawaida vinatakiwa msalaba mweupe kwenye kijani. Ila duka gani mjini linajua hilo? Changu mimi nimekipaka kijani mwenyewe. Mgeni mmoja Mswisi alinipa mkono kwa hilo tu. Ile alama ni bendera yao iliyogeuzwa rangi.

Mkulima wa Viazi

Tuache bendera. Jamaa analala Makete. Kitulo kule ni mita 2,600 na zaidi, Desemba siyo Juni ila usiku utatafuta blanketi la pili. Nyumba nyingi za wageni wanakuletea jiko la mkaa chumbani. Tafadhali sana, jiko likishawaka na kukupasha, LITOKE NJE kabla hujalala. Ile hewa ya mkaa haina harufu. Kwetu zimefungwa nyumba kwa ajili hiyo, watu wamelala baba mama na watoto, asubuhi hakuna anayeamka. Mkiamka kichwa kinagonga wote kwa pamoja na kichefuchefu, siyo ugonjwa wa mlima, fungueni milango mtoke.

Kifuko hakina dawa ya hilo. Soksi nzito mbili mbili na kofia ya mtoto ndiyo dawa.

Boda wa Mwanjelwa

Duh. Hiyo imeingia.

Jamaa wa Uyole sasa umefikia wapi? Leta picha ya kifuko.

Jamaa wa Uyole

Picha inagoma kupanda, naandika tu.

Nimetafuta kifuko kilichofungwa tayari maduka matatu hapa mjini. Vyote ni ndugu wa kile changu, plasta juu ya plasta. Kwa hiyo nimechukua pochi ya zipu ya kuwekea vipodozi, ya mke wangu, nyekundu, ukubwa wa daftari kubwa lililokunjwa. Amekubali baada ya mazungumzo.

Ndani: glavu jozi sita. Gozi pakiti nne za tano tano. Bandeji tatu. Utepe mpana. Mkasi wa fundi cherehani, mdogo, nimeuvalisha kizibo. Kibanio na pini nimehamisha kutoka kile cha zamani, na plasta kumi kama nesi alivyoagiza. Ayodini ndogo kwenye mfuko wake, maana ikimwagika ni kilio. ORS tatu. Paracetamol ya wakubwa, ya mtoto, na ya aleji. Kipimajoto. Tochi ndogo ya kichwani, hii nimejiongeza mwenyewe, kwa sababu nikikumbuka ile Kosta ingekuwa usiku sijui bibi angeona wapi pa kushika. Karatasi yenye dawa za mama, kilo za mtoto (19), namba ya dharura 112, na hospitali za njiani: Tukuyu ya wilaya, Igogwe, Matema, na Ikonda upande wa Makete.

Gharama yote haijafika elfu 30, ukiondoa kipimajoto. Filimbi nimempa mtoto. Najuta.

Konda Mstaafu

Umesahau jambo moja. Mkeo na mama wanajua zipu inafunguka upande gani? Ukiumia wewe, nani atafungua?

Jamaa wa Uyole

Mkuu, nilikuwa sijafikiria hata kidogo kwamba ninaweza kuumia mimi. Jioni hii tunafanya darasa sebuleni.

Jamaa wa Uyole

MREJESHO. Wakuu heri ya mwaka mpya, tumerudi salama, ndaga fijo nyote.

Mifuko ya kutapikia ilitumika minne. Mmoja ni wangu, tusiulizane. Mama Wawili ubarikiwe.

Matema mtoto aliteleza kwenye mawe akachubuka goti, kidonda kikaoshwa kwa maji ya chupa hadi mchanga ukatoka, gozi, utepe, akarudi majini baada ya nusu saa na tukafunga upya mara tatu. Utepe wa bei rahisi haushiki kwenye mwili wenye mafuta ya kupaka, nunueni ule wa kitambaa. Plasta nimetumia moja.

Glavu zilikwenda kwa watu wasionihusu. Njia ya Isyonje tulikuta bodaboda ameanguka kwenye tope, paji la uso limepasuka, damu usoni kote, yeye anatafuta simu yake. Nikavaa glavu, mikono inatetemeka kweli kweli, mke wangu ndiye aliyebonyeza. Dakika kumi ni ndefu jamani. Alitaka kuchungulia, nikamwambia nesi amekataa. Damu ikakata. Tukamfunga bandeji kuzungusha kichwa, akapanda gari lililokuwa linashuka kwenda Tukuyu. Mtu kapasuka kichwa anauliza pikipiki itabaki na nani.

Makete jiko lililetwa chumbani kama Mkulima alivyosema. Nikalitoa. Mhudumu akalirudisha, akidhani nimekosea. Nikalitoa tena.

Dawa za presha za mama zilisahaulika Kyela kwenye nyumba ya wageni, chini ya mto. Ile karatasi ndiyo iliyotuokoa, Tukuyu tulionyesha tukapata zilezile.

Kifuko kimeongezeka kitu kimoja. Mama mkwe aliposikia kisa cha yule bibi wa Igawa alinunua khanga mpya pale Tukuyu sokoni, akaikunja akaisukuma ndani ya pochi yeye mwenyewe, akasema hiyo ndiyo bandeji. Maandishi yake nimeyasoma, yananihusu mimi, na siyaandiki hapa.